Usibadili wazo la biashara wakati wa mbalamwezi

Vijana wanaoanzisha kampuni hapa Mwanza huniuliza swali moja mara kwa mara: tuendelee na wazo letu au tulibadili? Kabla ya kuwajibu huwa nataka kujua mauzo yalianza kushuka lini, kwa sababu wateja wao wengi, kwa njia moja au nyingine, wanakula kutokana na ziwa.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hizo hazina tena nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa. Siku hizo pale mwaloni Kirumba fedha huadimika, kuanzia kwa wachuuzi hadi kwa mama lishe. Miaka kadhaa iliyopita niliwashauri vijana waliokuwa wakikopesha taa za sola waachane na biashara hiyo, baada ya kuona marejesho yamekwama kwa wiki mbili, nami sikuwa nimeuangalia mwezi. Giza liliporudi, wadaiwa wale wale walikuja na fedha mkononi, lakini mtaji ulikuwa umekwisha kuhamishiwa kwingine. Ushauri ule unaniuma hadi leo, na tangu wakati huo sikubali biashara ya mwaloni ihukumiwe kabla ya kupita angalau vipindi vitatu vya giza.

Msimu ukishaondolewa katika hesabu, ninachokichunguza zaidi ni kile wateja wanachokifanya bila kuelekezwa na mtu. Majaribio ya M-Pesa yaliyoanza nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga kuwawezesha waliochukua mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu, lakini watumiaji wakaanza kutumiana fedha kwa mahitaji yao wenyewe, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilijitangaza kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani. Wazo jipya lilikuwa tayari mikononi mwa wateja, na kazi ya kampuni ilikuwa kulitambua.

Jambo kama hilo nililiona kwa kikundi kimoja kilichotengeneza programu ya simu ya kuonyesha bei za dagaa. Wachuuzi waliifungua, wakatazama bei, kisha wakapiga simu kuuliza kama kuna gari linalokwenda Dar es Salaam lenye nafasi ya magunia machache. Dada aliyepokea simu aliyaandika maswali yote kwenye daftari la kawaida, na tulipolipitia pamoja tulikuta kurasa nzima za usafiri na mistari michache tu ya bei. Daftari lile lilinishawishi kuliko idadi ya watu waliopakua programu, kwa maana kupakua hakumgharimu mtu chochote.

Hata hivyo, mabadiliko yanahitaji fedha za kuyajaribu, na anayesubiri hadi akiba iishe huwa habadili wazo tena, anafunga tu. Kikundi kile kilikuwa bado na akiba ya miezi mitano. Hawakuifunga programu mara moja. Walikodi sehemu ya fuso moja kwa safari moja, wakawaomba wachuuzi walipie magunia yao siku mbili kabla. Nafasi zilijaa jioni ile ile, na mama mmoja ambaye hakuwahi kuifungua programu yao alilipia magunia manne.