Flashi imejaa shotikati? Usikubali ifomatiwe

Msimu wa kuprinti ripoti za mafunzo kwa vitendo ukifika, kwenye steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, utasikia sana kauli hii: "Flashi imeliwa na virusi, tuifomati tu." Mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) anakubali, na kazi ya miezi inaondoka.

Dhana: Zikitokea shotikati (njia za mkato za kufungulia faili au folda), mafaili yameshafutika.
Hayajaenda kokote. Virusi hivi huzificha folda zako kwa kuzipachika alama za hidden (iliyofichwa) na system (ya mfumo), kisha huweka shotikati zenye majina yale yale ili ubonyeze uvisambaze. Tazama nafasi iliyotumika: flashi inaonekana tupu lakini inasema GB 5 zimetumika? Kazi yako imo. Kinachoiondoa ni hiyo fomati. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na kama herufi ya flashi ni E, andika:

`attrib -h -s -r /s /d E:\*.*`

Hiyo -s usiiruke. Ukijaribu kutumia -h peke yake kwenye faili lenye alama ya system, Windows inagoma. Folda zikisharudi, zifute shotikati:

`del E:\*.lnk`

Amri hizi haziui virusi, lakini. Kompyuta iliyokuambukiza bado inavyo, na ukichomeka tena unaanza upya. Skani flashi kwa antivirusi, na kompyuta yako pia.

Dhana: Dirisha jeusi ni la mahaka, ukikosea herufi kompyuta inakufa.
Amri nyingi hazidhuru kitu. Dir, kwa mfano, inaorodhesha tu yaliyomo. Za kuogopa ni del na format, maana kilichofutwa kwa del hakipiti Recycle Bin. Hakikisha herufi ya diski kabla ya kubonyeza Enter. D si E.

Dhana: Kuandika skripti (faili lenye amri kadhaa zinazofuatana) lazima uwe umesomea.
Notepad inatosha. Kuna ile kero ya printa kugoma, kazi imeganda kwenye foleni, ukifuta haifutiki, na watu wanazima kompyuta nzima. Andika mistari hii:

`net stop spooler`
`del /q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*.*`
`net start spooler`

Hifadhi kwa jina foleni.bat, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya faili hilo, chagua Run as administrator. Inasafisha foleni yote, hata kazi ya mteja anayefuata, kwa hiyo mwambie mapema kwamba yake itatumwa upya.