Guntank: tatizo sio minyororo, tatizo ni kiuno

Wadau wa anime wakipanga zile roboti tatu za White Base, meli ya vita ya anga za juu kwenye Gundam, kwa ubora, Guntank inakuwa ya mwisho kila siku. Gundam ina upanga wa mwanga, Guncannon angalau ina miguu, hii nyingine juu mtu chini katapila, watu wanaipita tu. Mimi kazi yangu ni mitambo ya minyororo, maekskaveta na makatapila, na nataka niitetee kwa hesabu, maana wanaicheka kwa kitu ambacho sio kosa lake, kosa lake lipo sehemu ambayo karibu hakuna anayeigusa.

Kwa ambaye hajaiona, inatoka kwenye Mobile Suit Gundam ya mwaka 1979, Yoshiyuki Tomino akiongoza na Kunio Okawara akichora mitambo. Namba yake RX-75. Urefu mita 15, ikiwa imejaa mafuta na risasi inafika tani 80. Mabegani ina mizinga miwili ya milimita 120, mikono haina viganja, kila mkono ni mitutu minne ya makombora ya milimita 40. Miguu hakuna, ni minyororo.

Sasa tuanze na hiyo minyororo. Ekskaveta ya kawaida ya tani 20 inabonyeza ardhi kwa kama tani 4 na nusu kila mita ya mraba, ndio maana inaingia kwenye tope ambalo lori lenye uzito huohuo linazama. Chukua Gundam, tani 60 ikiwa imejaa, ikitembea kuna wakati uzito wote upo kwenye unyayo mmoja, tukikadiria unyayo una mita za mraba 4 na nusu hapo tayari ni tani 13 kwa kila mita, na hapo haijakimbia wala kuruka. Guntank ni nzito zaidi, lakini ukiipa minyororo miwili yenye upana wa mita 2 na mita 8 zinazogusa chini, inabonyeza tani 2 na nusu tu. Yaani kwenye shamba lililonyeshewa mvua Gundam inachimba mashimo kila hatua, Guntank inapita. Kwa mashine ya kubeba mizinga mizito ardhini mimi mwenyewe ningechagua minyororo bila kufikiria mara mbili. Kwenye anga za juu kweli minyororo haina kazi, na bado kwenye siriz ya televisheni waliitoa nje kupigana hukohuko, ndio maana naona walifanya vizuri kwenye filamu ya tatu ya mwaka 1982 walipomhamishia Hayato, mpiga mizinga wake, kwenye Guncannon ya pili.

Watu wanasema pia kifaru cha mita 15 ni shabaha tu. Kwa vita vyetu hivi vya kawaida ni kweli kabisa, Abrams ya Wamarekani ina kimo cha kama mita 2 na nusu na ina sababu. Lakini vita ya Gundam ina chembe za Minovsky, zikishamwagwa rada inakufa, kila mtu anarudi kutegemea macho. Hapo kimo kinakuwa mali. Mtu ambaye macho yake yapo mita 2 kutoka chini, kwenye tambarare anaona hadi kilomita 5, akipanda mita 14 anaona zaidi ya 13. Na pale kichwani kwa Guntank ndipo anapokaa mpiga mizinga! Dereva yuko tumboni. Hayato Kobayashi juu anatafuta shabaha, Ryu Jose chini anaendesha, na huo mgawanyo ni sahihi kabisa, mtu mmoja hawezi kusoma ardhi na kulenga mbali kwa wakati mmoja akafanya vyote vizuri. Baadaye wakaibadilisha iendeshwe na mtu mmoja na mimi naona waliiharibu.

Haya, kiuno. Mzinga ukifyatuka unapiga teke nyuma. Kwenye kifaru cha kawaida mtutu upo kama mita 2 juu ya ardhi, kwa Guntank upo mabegani, tuseme mita 12, kwa hiyo teke lilelile linakuwa na nguvu mara sita ya kuipindua mashine. Minyororo mirefu na uzito uliokaa chini vinaweza kuzuia isianguke. Ila ile nguvu yote kabla haijafika kwenye minyororo lazima ipite kiunoni, na kiunoni kuna nini? Kuna ndege. Zile roboti tatu zote zina Core Fighter ndani, ndege ndogo inayojikunja na kuunganisha nusu ya juu na nusu ya chini, ili mashine ikiharibika rubani atoke na data za vita. Nawaelewa waliofikiria uhai wa rubani kwanza, nawaheshimu kwa hilo. Lakini Gundam inashika bunduki mkononi, mkono wenyewe unameza sehemu ya teke, Guntank mizinga imefungwa moja kwa moja kwenye kiwiliwili, halafu sehemu inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote ndiyo hiyo yenye maungio ya kufunguka. Ekskaveta ikianza kucheza pale sehemu ya juu inapokaa juu ya minyororo, ujue hapo gharama inakuja, na ile haifyatui chochote.

Zeon, maadui wa White Base, walikuja na jibu lao, Hildolfr, iko kwenye anime nyingine ya Gundam, MS IGLOO ya mwaka 2004. Tani 220, mzinga mmoja wa sentimita 30, ikikimbia inalala chini kama kifaru, ikitaka inainua kiwiliwili na kutoa mikono. Yaani kimo unakitumia pale tu unapokihitaji, halafu tumboni haina ndege ya kuunganisha chochote. Kwa ufundi tu naiweka juu ya Guntank, na pale rubani wake Sonnen, kwenye jangwa la Arizona, anapopambana na zile Zaku, roboti za Zeon wenyewe zilizotekwa na adui, unaona kabisa faida ya kulala chini na kukimbia. Shida ya tani 220 inahamia kwenye madaraja, maana huko upana wa mnyororo hauokoi kitu, daraja linabeba uzito wote hata uugawe vipi.