Medicaid: bili ambayo hujalipa nayo inahesabiwa

Huku Marekani tunaambizana kwamba kipato kikizidi kiwango cha Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lazima kwanza ulipe hospitali kutoka mfukoni, ndipo upeleke risiti. Si kweli. Katika majimbo yanayoruhusu gharama za matibabu zipunguzwe kwenye hesabu ya kipato chako ili ufikie kiwango, New York ikiwemo, kinachoangaliwa ni gharama unayodaiwa, hata kama hujatoa senti. Utaratibu huu hauko kila jimbo, na huwahusu zaidi wazee, watoto na wenye ulemavu.

Tuseme kipato chako kimezidi kiwango kwa dola 300 kwa mwezi. Bili ya daktari ya dola 450 ambayo hujailipa inatosha kuziba pengo hilo. Hata deni la zamani linaweza kukubaliwa, mradi bado unadaiwa na hukuwahi kulitumia kwa kusudi hilo. Sehemu itakayolipwa na bima nyingine haihesabiwi. Peleka bili yenyewe, yenye tarehe ya matibabu na salio. Barua ya vitisho ya wakusanya madeni mara nyingi haionyeshi hayo.

Ila watu huumia hapa: zile dola 300 Medicaid haizilipi. Zinabaki deni lako, na hospitali inaweza kuendelea kukudai.