Daftari Halina Mechi za Viporo

"Shikamoo Mwalimu. Nimeruka siku tisa. Ninunue daftari jipya, au nijaze kwanza zile tisa?"

Ujumbe huu, wa mtu anayeandika shajara, uliingia Jumapili jioni nikiwa Kabwe hapa Mbeya nasubiri bajaji, na ni wa tatu wa namna hiyo mwezi huu. Niliandika marahaba, nikarudisha simu mfukoni, maana jibu lililonijia halikuwa la mshauri nasaha. Sasa nimeshakunywa chai, nawajibu wote kwa pamoja.

Huna deni. Daftari si ligi kuu, halina mechi za viporo.

Sijui nani alitufundisha kwamba shajara ikirukwa siku moja imetenguka kama udhu. Nenda sokoni Mwanjelwa ukaombe kuona daftari la madeni la mama lishe yeyote. Jumatatu: fundi viatu, wali maharage, hajalipa. Jumanne hakuna kitu, kwa kuwa hakuna aliyekopa. Jumatano mama alikuwa msibani Tukuyu. Alhamisi linaendelea pale pale. Sijasikia mteja aliyesimama akadai deni lake limefutika kwa sababu Jumanne na Jumatano hazimo. (Angethubutu aone.) Yule mama anaandika kumbukumbu miaka nenda rudi na hajawahi kuniuliza kuhusu nidhamu.

Kinachoua si pengo, ni kulijaza. Mtu anakaa usiku wa siku ya kumi na kalamu yake. Siku ya kwanza anaikumbuka vizuri, ya pili kidogo, ya tatu anaanza kutunga. Kuanzia ya nne ni "siku ilikuwa njema, namshukuru Mungu", mpaka ya tisa. Anapofunga daftari mkono unauma, na akili imeshika somo moja tu: hili ni zigo. Kesho yake haligusi. Keshokutwa ana viporo viwili, wiki ijayo ana saba, na mwisho daftari linaishia kuwashia jiko. Katika watu niliowaona wakiacha, waliokwama hapo ni wengi kuliko wavivu.

Kama ndani ya zile siku tisa kuna jambo lililotokea kweli, msiba, ugomvi, kazi mpya, liandike chini ya tarehe ya leo: "Alhamisi iliyopita baba alipiga simu, hakusema shida yake." Tarehe ya juu ni ya siku unayoandika, si ya tukio. Hapo huwa nabishana na watu mpaka chai inapoa. Wanasema ni kitu kidogo. Si kidogo. Ukisoma miaka mitano baadaye utataka kujua uliliona vipi jambo lile siku ile ile, na uliliona vipi baada ya wiki. Ukighushi tarehe umepoteza yote mawili.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi dayari zenye tarehe zilizochapwa, zile zinazogawiwa Desemba. Ukiruka siku, kurasa nyeupe zinakutazama. Nunua kaunta buku. Tarehe unaandika mwenyewe, pengo halichukui hata mstari.

Halafu kuna siku 21. Kila Januari naletewa hizo siku 21, eti ndizo zinazotosha kujenga tabia. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Angalau! Neno hilo lilidondoka njiani, na kuzoea pua mpya kukageuka kujenga tabia. Waliokuja kupima tabia yenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Matokeo yao, ya mwaka 2010, yalitokana na watu 96 waliofuatiliwa kwa siku 84. Kati na kati, tabia ilichukua siku 66 kuzoeleka, mwepesi kabisa siku 18, mzito siku 254. Mtu makini atauliza 254 imetoka wapi wakati walifuatiliwa siku 84: ni makadirio ya hesabu, hawakuishi nao mpaka huko. Ila jambo ninalolishikilia ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana.

Nikiri kitu. Wale watu walikuwa wanakula tunda wakati wa chakula cha mchana, wanakunywa maji, wanakimbia kabla ya chakula cha jioni. Tabia walizopima zilikuwa za kula, kunywa na mazoezi. Kuyahamishia matokeo hayo kwenye shajara ni uamuzi wangu. Tena, kukosa siku moja si kukosa siku tisa. Kwa zile tisa nategemea niliyoyaona mwenyewe kwenye kikundi chetu cha Jumamosi cha waandika shajara.

Na faida za kuandika zinazotangazwa kila mahali? Zilianzia kwa watafiti James Pennebaker na Sandra Beall, mwaka 1986: wanafunzi waliandika mambo mazito yaliyowapata, dakika 15, siku nne mfululizo. Basi. Siku nne, wakaacha. Waliotaja tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata, ingawa mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alijumlisha tafiti 146 za aina hii akakuta faida ipo, lakini ni ndogo. Hakuna mahali hapo palipoandikwa kila siku mpaka kufa.

Ya kuanzia ni machache. Mistari mitatu. Ifunge kwenye kitu unachokifanya bila kufikiri. Mimi ni maji ya chai yakiwa jikoni. Ushauri wa kuamka saa kumi na moja alfajiri uandike umetolewa na mtu asiyeijua baridi ya Mbeya ya Julai, unapoisugua kalamu viganjani ndipo itoe wino. Ukijikuta unaandika jeraha lile lile kwa maneno yale yale wiki ya tatu, acha, tafuta mtu wa kuongea naye. Kuhusu mwenzi anayepekua sina jibu zuri. Nina begi lenye kufuli.

Madaftari yangu yana pengo kila mwaka mvua za kwanza zinapoanguka, Novemba kuelekea Desemba, kwa sababu tunakuwa shamba. Hilo halinisumbui. Mwaka 2019 pengo lilikuja Julai, wakati shambani hakuna kazi ya kumkosesha mtu mistari mitatu, likaenda wiki saba. Ningekuwa nimelijaza na "siku ilikuwa njema", nisingejua leo kwamba sikuwa mzima. Nilianza kuandika tena nikapata nafuu, au nilipata nafuu ndipo nikaandika? Wateja huniuliza, na kitaalamu natakiwa kuwa na jibu. Huwa nawasomea tu ukurasa wenyewe. Tarehe 2 Septemba, mstari mmoja, bila kuomba radhi kwa zile wiki saba: "Kalamu ilikuwa kwenye koti. Paka amezaa watatu."