EF5 maana yake nini, na kwanini tornado inapimwa kesho yake

Kila ikifika mwezi wa nne na wa tano klipu za Marekani zinaanza kumiminika kwenye magrupu, mtaa mzima umelala chini, gari liko juu ya mti, na chini yake mtu kaandika "tornado EF4, upepo kilomita 300", basi wote tunasema dah, tunaforwadi, maisha yanaendelea. Ila ukikaa ukajiuliza, huo upepo nani aliupima? Maana kile kifaa cha kupimia upepo, kile chenye vikombe vinavyozunguka pale kwenye vituo vya hali ya hewa, tornado kubwa ikikipitia inaking'oa na mlingoti wake, na mara nyingi wala haikipitii kwasababu tornado nyingi ni nyembamba na vituo vimekaa mbalimbali. Jibu ni kwamba kwa tornado karibu zote hakuna aliyeupima. Ile namba mbele ya EF wanaiandika watu waliofika baadae, mara nyingi kesho yake, wamevaa buti, wakatembea kwenye kifusi, wakaangalia nini kimevunjika na kilikuwa kimejengwaje, halafu wakakadiria. Yaani namba inasema habari za upepo na habari za fundi kwa pamoja, na kuzitenganisha hizo mbili ndo kazi yenyewe.

Kabla ya kwenda mbali tuelewane kwenye majina, maana Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya kidogo. Kimbunga tunaita vyote, kumbe kimbunga kama Idai kilichoipiga Beira 2019 au Hidaya iliyokuja mpaka Mafia mwezi wa tano 2024 ni mfumo wa mamia ya kilomita, unazaliwa baharini, unakaa siku kadhaa na TMA, mamlaka ya hali ya hewa Tanzania, wanakutangazia kabla haujafika. Tornado inashuka kutoka kwenye wingu moja tu la radi, mara nyingi inaisha ndani ya dakika chache, na inaweza kubomoa nyumba upande huu wa barabara ikaacha nguo zimeanikwa upande ule. Alafu kuna chamchela, wengine kisulisuli, kile kinachozungusha vumbi na mifuko ya plastiki uwanjani saa saba mchana jua likiwa kali, hicho hakina wingu juu yake, ni joto la ardhi tu (ingawa waliosoma Biblia watakumbuka Eliya alipanda mbinguni kwa upepo wa kisulisuli, na ile sidhani kama ilikuwa ya kuzungusha mifuko). Mimi nitaandika tornado tu, tusigombane.

Sasa EF. Hiyo F ni Fujita, jina la mtu, Tetsuya Fujita, Mjapani aliyehamia Chicago miaka ya 50 akawa profesa pale chuo kikuu, na mwaka 1971 akaleta skeli yake ya F0 mpaka F5. E ni Enhanced, yaani imeboreshwa, kwasababu baadae mainjinia waligundua makadirio ya zamani yalikuwa makubwa mno kwenye madaraja ya juu, nyumba ya kawaida inasambaratika kwa upepo mdogo kuliko walivyodhani, hivyo Februari 2007 Marekani wakaanza kutumia skeli mpya. EF0 inaanzia kama kilomita 105 kwa saa, EF1 kuanzia 138, EF2 kuanzia 178, EF3 kuanzia 218, EF4 kuanzia 267, na EF5 ni zaidi ya 322, juu ya hapo hakuna daraja jingine. Skeli ndo kwanza imemaliza miezi mitatu kazini, tarehe 4 Mei mji wa Greensburg kule Kansas ukafutwa karibu wote, ikawa EF5 ya kwanza.

Wanavyofanya ni hivi. Wana orodha ya vitu 28 vya kuangalia, nyumba ya familia, nyumba zile za kuhamishika, shule, maghala, nguzo za umeme, minara, hata miti, na miti yenyewe imegawanywa kwa aina maana haivunjiki sawa. Kila kitu kina hatua zake za kuharibika na kila hatua ina upepo wake. Chukua nyumba ya kawaida ya kule. Ikipoteza sehemu kubwa ya kile kinachofunika paa inakadiriwa upepo ulikuwa kama kilomita 156 kwa saa. Paa lenyewe likiondoka kwa sehemu kubwa lakini kuta nyingi zimesimama, kama 196. Nyumba ikifagiliwa yote ikabaki slabu ya zege peke yake, 322. Ila, na hapa ndo utamu ulipo, hizo ni namba za nyumba iliyojengwa kawaida, kila hatua ina kiwango cha chini na cha juu, ile ya slabu inaweza kushuka mpaka 266 au kupanda mpaka 354 kutegemea walichokikuta chini.

Na wanachokitafuta chini ni kitu kidogo kuliko unavyodhani, ni bolti. Nyumba nyingi za kule ni za mbao, zinakaa juu ya msingi wa zege, na zinatakiwa zishikwe na bolti zilizozama kwenye zege, zikafungwa na washa na nati. Mpimaji anapiga magoti pale pembeni ya slabu anaangalia. Bolti ipo na imepinda, nati bado imeshika kipande cha mbao? Basi upepo ulikuwa wa kutisha. Bolti ipo, imenyooka, nati haijawahi kufungwa? Basi nyumba ilikuwa imekalishwa tu pale. Kuna misumari peke yake? Ndo kabisa. Aprili 2014 tornado ilipita Vilonia, Arkansas, ikaua watu 16 ukihesabu na miji ya jirani iliyopitiwa na tornado hiyohiyo, ikaacha slabu zimefagiliwa, na bado ikapewa EF4 yenye upepo wa 306, kwasababu mojawapo walikuta bolti hazina nati wala washa. Wapenzi wa mambo ya hali ya hewa wanabishana mpaka leo. Mimi nawaelewa wote wawili, mpimaji hawezi kuandika alichohisi, lakini pia mtu aliyepoteza kila kitu ukimwambia haikuwa EF5 kwasababu ya nati ni lazima akuangalie vibaya.

Mambo ya paa hata huku kwetu unayaona bila tornado yoyote. Mwaka fulani tukiwa tunakaa kwenye nyumba ya kupanga, ulikuja upepo wa jioni kabla ya mvua, dakika kumi hivi. Sisi tukapoteza mabati matatu ya pembeni. Jirani yetu ukuta kwa ukuta paa liliondoka lote, mabati na kenchi zake, kama mtu amefunua sufuria. Tulilikuta ng'ambo kwenye shamba la mihogo limelala chali, bati bado zimegongelewa kwenye mbao vizuri kabisa, misumari inaangalia juu. Fundi wake alifanya kazi nzuri ya kushika bati kwenye mbao, tatizo mbao zenyewe hazikufungwa kwenye ukuta, zilikuwa zimekaa kwa uzito wake. Zetu zilikuwa zimefungwa kwa zile nondo nyembamba zinazotoka kwenye linta. Upepo mmoja, jioni moja, na angekuja mpimaji akaangalia haraka haraka angetoka na namba mbili.

Ukiangalia pia kwanini nyumba inaanguka utaelewa kwanini wanahangaika na paa. Watu wanafikiri upepo unasukuma ukuta mpaka unaanguka. Mara nyingi unaanza na uwazi, dirisha limevunjwa na kitu kilichorushwa, au mlango mpana wa gereji umekubali, upepo unaingia ndani unasukuma paa kwenda juu, huku ule unaopita juu ya paa nao unalivuta juu. Paa likishatoka kuta zimebaki hazina kinachozishika kwa juu, zinafunguka kama boksi. Kuna ushauri wa zamani kwamba tornado ikija ufungue madirisha ili nyumba isilipuke kwa presha. Usifungue kitu! Unaukaribisha ndani.

Sasa ubovu wa huu mfumo. Tarehe 31 Mei 2013 karibu na El Reno, Oklahoma, ilitokea tornado ambayo upana wake ulifika kilomita 4.2, hakuna iliyowahi kurekodiwa pana kuliko hiyo. Siku hiyo bahati ilikuwepo, kulikuwa na magari ya watafiti yamebeba rada jirani kabisa, na rada zikasoma upepo wa zaidi ya kilomita 460 kwa saa. Iliua, kati ya wengine, Tim Samaras, mtafiti aliyekuwa anaheshimika kwa uangalifu wake, pamoja na mwanae Paul na mwenzao Carl Young, wakiwa ndani ya gari wanajaribu kuikimbia. Siku chache baadae ikatangazwa EF5 kwa data ya rada, na Agosti mwaka huohuo ikashushwa mpaka EF3. Kwanini? Kwasababu ilipita sehemu kubwa mashambani, na kwa vitu vilivyokuwepo pale, uharibifu uliopatikana ulikuwa wa EF3. Ngano haina bolti.

Unaweza kusema huu ni upuuzi, si watumie rada tu. Wangetaka, lakini tornado zinazopata rada ya karibu hivyo ni chache sana, zile rada kubwa za kudumu zikiwa mbali zinaona upepo wa juu hewani na sio ule unaogusa mabati, na rekodi za Marekani zinazoanzia 1950 zote zimejengwa juu ya uharibifu, hivyo ukianza kuchanganya vipimo viwili utashindwa kulinganisha mwaka huu na miaka ya nyuma. Kwahiyo wakabaki na kifusi. Na kifusi kina masharti, baada ya EF5 ya Moore, Oklahoma, tarehe 20 Mei 2013, Marekani ilikaa miaka 12 bila EF5 hata moja, watu wakawa wanauliza ni upepo umepungua au wapimaji wamekuwa wagumu. Ikaja kuvunjika kwa tornado ya Enderlin, North Dakota, ya Juni 2025, na hata hiyo mwanzo ilipewa EF3, ikapandishwa Oktoba baada ya wataalamu kukaa chini na hesabu za mabehewa. Ilikuwa imekuta treni ya mizigo, ikaangusha mabehewa yaliyojaa nafaka na kurusha moja lililokuwa tupu zaidi ya mita 100. Uzito wa behewa unajulikana, na behewa halina fundi wa kulaumiwa.

Kuna kitu kingine wanakisoma kabla hata ya kufika kwenye nyumba, nacho ni miti imelalia wapi. Maana sio kila paa lililoondoka limeondolewa na tornado. Tornado inavuta hewa kuelekea katikati huku inazunguka, ndo maana miti inaanguka kwa kupishana, huu umelala mashariki, ule umelala kaskazini, mingine juu ya mingine. Upepo ulionyooka unailaza yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na ile ya mwezi wa nane 2020 pale Iowa ilikuwa hivyo, ukuta wa upepo uliosafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa siku moja, wenyewe wanaita derecho, na mji wa Cedar Rapids, wenye Wakongo na Warundi wengi tu, ukakaa siku na siku bila umeme. Cha tatu ni hewa inayoporomoka kutoka kwenye wingu ikagonga chini ikasambaa, hiyo inalaza miti kutoka katikati kwenda nje, kama umemwaga ndoo ya maji sakafuni.

Upepo huo wa tatu uligunduliwa na Fujita huyohuyo, na njia aliyopitia inashangaza. Agosti 1945 alikuwa anafundisha chuo karibu na Kokura, mji uliokuwa umelengwa na bomu la pili la atomiki, mawingu na moshi yakaufunika, ndege ikaenda Nagasaki. Baadae akatumwa kule na Hiroshima kuangalia uharibifu, akaona vitu vilivyolala kuelekea nje kutoka sehemu moja. Karibu miaka 30 mbele, 1974, baada ya tornado 148 kupiga Marekani ndani ya siku mbili, akiwa kwenye ndege ndogo juu ya msitu wa West Virginia akaona miti imelala kwa mtindo uleule. Wenzake wengi hawakumwamini. Juni 1975 ndege ya Eastern ilianguka ikitua New York kwenye mvua ya radi, watu 113 wakafa, Fujita akaitwa achunguze, na sababu ikawa ileile, hewa iliyoporomoka ikaikandamiza chini. Leo viwanja vingi vikubwa vya ndege vina vifaa vya kuinusa hiyo hewa.

Zikabaki zile zisizokutana na kitu chochote. Kwa hizo kuna EFU, U ya haijulikani, inapewa tornado iliyoonekana na watu, ikapigwa picha, lakini ilipita kwenye uwanda mtupu haikuvunja hata mti. Na ile nguzo ya maji ambayo wavuvi wa Ziwa Victoria wanaiona ikining'inia kutoka kwenye wingu mpaka ziwani, ikiishia hukohuko majini, hata hiyo herufi haipati.