Je, wajua kwa nini kaveera, yaani mfuko wa plastiki, haitoki tumboni mwa ng'ombe?

Ng'ombe na mbuzi wanaozurura mitaani Kampala, Arua au Kasese nchini Uganda hujua saa ya taka kuliko gari la taka lenyewe. Maganda ya matoke yamefungwa ndani ya kaveera, yamewekwa kando ya barabara, na mnyama hula vyote, maganda na mfuko. Miezi inapita, ng'ombe anakonda mgongo huku ubavu wa kushoto umefura. Akifa, mwenye mali huenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kumshtaki jirani: amemtilia sumu.

Ukitaja kaveera, wengi hukataa. Kilichoingia si kitatoka na kinyesi? Mtoto akimeza kifungo cha shati, mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na mbwa vivyo hivyo. Lakini ng'ombe, mbuzi na kondoo hawakuumbwa hivyo. Tumbo lao lina vyumba vinne, na kilicho kikubwa zaidi, rumeni, kwa ng'ombe mzima huweza kubeba zaidi ya lita 100.

Chukua chungu cha ajono, pombe ya nafaka ya wimbi, kule Teso, mashariki mwa Uganda. Wimbi uliochachuka umo chunguni, maji ya moto yanaongezwa, wazee wamekizunguka wakivuta kwa mirija mirefu. Ncha ya kila mrija ina kichujio: kinywaji kinapanda, machicha yanabaki. Rumeni nayo ni chungu cha kuchachulia. Vijidudu humeng'enya majani humo, na njia ya kwenda chumba cha tatu hupitisha maji na chembe ndogo, nyingi zikiwa za milimita chache tu. Jani lililo refu bado hurudi mdomoni, ng'ombe akalicheua na kulitafuna upya, mpaka lilainike. Kaveera ikitumbukia humo, vijidudu haviiwezi, meno hayaisagi, na kichujio hakiipitishi. Wanywaji wa ajono angalau humwaga machicha wakimaliza. Ng'ombe hana wa kumwagia. Kesho inaingia nyingine, pamoja na kipande cha kamba, na vyote husokotana kuwa donge linalokaa mahali pa chakula. Likiziba njia ya kucheulia gesi, mnyama huvimba, na kifo kinaweza kuja kwa saa chache tu. Hapo ndipo maneno ya sumu huanza.

Na ile sifa ya mbuzi kwamba hula chochote, hata mikebe? Anasingiziwa. Midomo yake ni myepesi kiasi cha kuchuma jani katikati ya miiba, na mkebe huuchunguza kwa kuulamba au hubandua karatasi yake. Asiyechagua ni ng'ombe: huzungusha ulimi, huvuta fungu zima, humeza kwanza na kutafuna baadaye. Mbuzi wa mjini hukutwa na plastiki pia, maana njaa hupunguza uchaguzi.

Wengine husema mnyama hutafuta madini. Kwa mifupa ni kweli, ng'ombe mwenye upungufu wa fosforasi huitafuna. Kwa kaveera, harufu ya maganda inatosha kueleza mengi.

Sheria ya Mazingira ya Taifa ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza mifuko ya plastiki yenye unene wa chini ya mikroni 30. Pita sokoni ujionee.

Kukonda na kuvimba huletwa na magonjwa mengine pia, kwa hiyo kabla ya kesi ya sumu ni bora tumbo lipasuliwe mbele ya mashahidi. Aliye hai anahitaji daktari wa mifugo: hutia ganzi ubavu wa kushoto, hupasua ng'ombe akiwa amesimama, kisha huingiza mkono na kuvuta donge. Mafuta ya kula wanayonyweshwa wanyama waliovimba husaidia gesi yenye povu. Plastiki hayaigusi.