Je, wajua kwa nini mchungwa unaonyweshwa maji ya chumvi unahitaji maji mengi zaidi?

Visima vingi vya pwani vina tabia moja. Masika maji ni baridi, hayana chumvi. Kaskazi ikikolea, hata chai huwa na ladha ya chumvi. Binadamu huvumilia, mnazi haujali. Mchungwa na mndimu ndiyo ya kwanza kulalamika: ncha za majani yaliyokomaa hugeuka manjano, kisha kahawia kama zilizobabuliwa na moto, mwishowe majani hupukutika.

Mwenye shamba huamua kunywesha kidogo kidogo, maana maji ni mabaya. Hapo ndipo anapoumaliza mti.

Mti hunywa maji na kuiacha chumvi karibu yote udongoni. Jua nalo huondoka na maji matupu. Piga hesabu: lita moja ikiwa na gramu 1 ya chumvi (bahari ina kama 35), na mti ukipewa lita 100 kwa wiki, mwaka ukiisha kilo 5 na ushei zimemwagwa chini ya shina moja. Maji machache hulowesha juu tu, kwa hiyo chumvi hiyo hubaki palepale penye mizizi na kuyashikilia maji. Mti unakufa kwa kiu, miguu imelowa. Kloridi, sehemu ya chumvi hiyo, ikipenya hupanda hadi majanini na kurundikana nchani, ndiyo maana ncha huungua kwanza.

Basi mwaga mengi kwa mkupuo, kisha acha siku zipite. Maji yashuke hadi chini ya mizizi, yasukume chumvi ya nyuma. Udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji uchimbie mfereji kwanza, la sivyo mizizi itaoza. Na usimwagie majani: jani la mchungwa hufyonza chumvi lenyewe, hasa jua likiwa kali.

Lililonishangaza mimi ni manyunyu. Mvua haba baada ya kiangazi huyeyusha chumvi iliyoganda juu na kuishusha kwenye mizizi, isiweze kuivusha. Siku ambayo kila mtu anapumzisha pampu ndiyo siku ya kunywesha.

Ukinunua mche uliobebeshwa, uliza shina la chini ni la nini. La chenza aina ya Cleopatra huizuia kloridi mizizini. La aina ya Carrizo huiachia ipande. Mbolea ya potasiamu kloridi nayo iache, tafuta ya salfeti. Matandazo ni mazuri kwa kuwa hupunguza maji yanayokaushwa na jua, ila si makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba. Hayo yamejaa chumvi yenyewe.

Lakini kuna kisima kisichofaa kuvutwa sana. Kule Batinah, pwani ya Omani, pampu zilivuta maji kuliko mvua za milimani zilivyoweza kurudisha. Bahari ikaingia chini kwa chini, na mashamba ya karibu na ufuko yakaharibika. Mitende, inayostahimili chumvi kuliko ndimu, ndiyo iliyojikaza zaidi. Kwa hiyo onja maji pampu inapowashwa, uonje tena baada ya saa mbili. Chumvi ikiwa imezidi, vuta kwa muda mfupi mfupi ujaze tangi, ndipo umwage kwa mkupuo. Bati nalo litakusaidia: paa la mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 10 tu, ni lita 1,000 za maji baridi.